Nilivyozama Jambiani

Nacheka mwenyewe kabla hamjanicheka. Wiki iliyopita, mimi mtu wa Dodoma, nilizamia baharini! Tulipiga kasia na mwalimu wangu Makame, kila mmoja na kayaki yake na mtungi wake wa hewa, mpaka kwenye matumbawe. Chini kule nilimwona kasa, nikasahau hata jina langu.

Tulipoibuka Makame akasema, "Leo bamvua, maji yanakupwa mbio. Nifuate nyuma."

Nani amfuate? Nilishakuwa samaki. Tena kwetu bwawa likijaa asubuhi, mchana unalikuta palepale. Nikakata kona peke yangu kuelekea ufukweni. Mara kayaki ikanasa kwenye kamba za shamba la mwani, ikabinuka.

Asubuhi tulipopita hapohapo, kasia langu halikugusa chini! Nikang'ata mpira wa hewa wa mtungi uliokuwa bado mgongoni, nikakumbatia kijiti cha shamba, nikapiga mateke huku nikimuaga mama yangu moyoni.

Bibi mmoja mkulima wa mwani akanijia taratibu, kikapu kichwani. Nikautema mpira.

"Shikamoo! Nakufa!"

"Marahaba, baba. Hebu simama, umeukalia mwani wangu."

Nikasimama. Maji yalinifika magotini.