Koleo la Muzee

Nilianza kumwonea wivu yule dada wa Butembo siku yake ya kwanza, hata kabla hajavua koti. Muzee, mwenye ofisi yetu ya wakala wa duane, yaani forodha, alimvutia kiti cha dirishani, kiti ambacho mimi nilikuwa nikikizungukia tangu niajiriwe bila kuthubutu kukiomba. Akakikalia na kusema asante kwa ile sauti laini ya watoto waliolelewa na masista. Mimi nimekulia mtaa wa Majengo, katika nyumba ya wafanyabiashara wa Maniema, na kwetu ukisema polepole mezani nyama inakwisha.

Kazi yetu ilikuwa kusafirisha kahawa ya watu kwenda nje. Mnunuzi wa ng'ambo anataka kujua kahawa imetoka wapi, na kwamba kilichoandikwa ndicho kilichomo. Muzee hakuamini karatasi peke yake. Kila lori lilipopakiwa alikwenda mwenyewe kwenye ghala, depo ya Ndosho, akatia mkono ndani ya magunia, akanusa, kisha akafunga mlango kwa waya na kipande cha madini ya risasi, akakibana kwa koleo lenye alama ya wakala. Watu wa duane waliweka chao, na sisi chetu. Chetu kilikuwa na maana kwamba kuna mtu wetu aliyeona mali kwa macho yake.

Tulimtania kwamba analala na hilo koleo. Macho yake yalipoanza kufifia, alitutangazia kwamba mmoja wetu, mimi au yule dada, atalirithi. Nililitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka dukani.

Yule dada hakuonekana kulitaka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Wateja waliingia wakanipita kama pazia, wakauliza yule dada yuko wapi. Wapakiaji walimwekea jiwe zuri la kukalia. Hata vumbi jeusi la mji huu, lisilomheshimu mtu, viatu vyake liliviogopa. Mume wangu aliniambia kwamba nyumbani kwetu huyo mwanamke anatajwa kuliko wakwe.

Halafu Muzee akampa yeye lori la mteja mpya. Asimamie upakiaji peke yake, na mwishoni afunge yeye, Muzee akimtazama. Nilijua maana yake: koleo lilikuwa linaelekea kwake. Nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, hadi Ndosho bila kuitwa na mtu, nikasema nimekuja kusaidia. Nilikuwa nimekuja kutafuta kosa.

Nikalipata. Lori lilikuwa limejaa magunia mapya, lakini kati yake niliona machache yenye weupe wa namna nyingine. Nikasogea. Yalikuwa yamegeuzwa ndani nje, na kwa mbali herufi zilionekana kinyume: jina la nchi jirani. Nilielewa mara moja. Huku kwetu gunia zuri halitupwi. Likitoka kwenye kahawa linakwenda kwenye maharage, likitoka huko linabeba makaa, na likichoka kabisa ndilo koti letu la mvua. Baadhi ya magunia mapya yalikuwa yamepasuka, na wapakiaji, kwa nia njema, wakaazima yaliyotumika na kuyageuza ili yapendeze. Kahawa ilikuwa yetu kabisa, ya milima ya hapa hapa. Lakini mtu wa bandarini akigeuza gunia moja tu atasoma nchi nyingine, na shehena nzima itashikwa kama mali ya magendo. Yule dada hakuyaona, kwa sababu ameyazoea tangu utotoni.

Sikumvuta pembeni. Niligeuza mdomo wa gunia mbele ya Muzee, mteja na wapakiaji wote, nikamuuliza bosi wetu kwa sauti, "Papa, hii kahawa iko ya wapi?"

Mteja alikaa chini palepale. Sitadanganya, nilifurahi. Yule dada alijifunga kitenge kiunoni akapanda kwenye lori, akashusha magunia pamoja na wanaume, kahawa ikamwagwa na kutiwa katika magunia mapya, naye akashona midomo mpaka vidole vikamvimba. Mimi nilisimama mikono kifuani, nikisubiri haki yangu.

Kazi ilipokwisha Muzee alitoa koleo mfukoni. Nikanyoosha mkono. Kweli kabisa, niliunyoosha, na wapakiaji waliniona. Akanipita, akaliweka mkononi mwa yule dada, akamwambia afunge. Kisha akanigeukia.

"Weye haumupendake huyu, najua," alisema. "Njo maana, kuanzia leo, lori haitafungwa bila weye kuangalia. Mutu mwenye kumupenda atamusamehe. Weye hautamusamehe ata uzi moja."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepanga magunia, hili huku, lile kule.

Ndivyo tunavyofanya kazi mpaka leo. Ninatangulia depo, ninageuza kila gunia, ninazamisha mkono mpaka chini nikitafuta kosa lake. Wateja wanasema siku hizi mizigo yetu haikwami. Yeye anasimama kando ya mlango wa lori, koleo mkononi, ananingoja kwa upole wake ule ule. Mimi sijawahi kulishika. Lakini haruhusiwi kulibana mpaka nitamke kwamba nimetafuta na sikupata kitu, na kila mara ninapomwambia "Funga", neno hilo linaniuma kama siku ya kwanza.