Posa ya Ratili kwa Ratili

Mkwe wangu ni fundi cherehani pale Konde. Kabla hajawa mkwe tulikuwa tukibishana karibu kila siku baada ya sala ya alasiri, maana kibanda changu cha kutengenezea simu kimepakana na baraza ya duka lake. Ubishi ulikuwa mmoja tu: katika ule mchezo wa kupigana ndani ya tundu la waya, ngumi, mateke na mieleka vyote pamoja, nani bora duniani? Yeye alikuwa na wake, bonge la mtu la uzito wa juu, tukimwita Jitu. Mimi nilikuwa na wangu, kijana mwembamba wa uzito wa chini kabisa. Huyo tulimwita Mdogo.

"Jitu akimkalia Mdogo wako," fundi alikuwa akisema huku uzi uko mdomoni, "tutamtafuta kwa tochi."

"Hawapiganishwi, mzee wangu. Unawaza tu kama wana uzito sawa, halafu unajiuliza nani angeshinda."

"Nawaza?"

"Ee. Ratili kwa ratili."

Neno hilo nililitunga mwenyewe. Wenye mchezo wanalisema kwa Kiingereza, na mimi shule niliishia kidato cha pili, lakini ratili naijua. Bibi yangu hata leo ukimpelekea kilo ya sukari anakuuliza hizo ni ratili ngapi. Basi nikilitamka neno langu najiona mtangazaji, nimevaa suti, dunia nzima inanisikiliza.

Fundi akashusha miwani. "Mie nakata nguo kwa mwili uliopo. Ntu akija na tumbo lake simwambii nawaza kama hunalo."

Baraza nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, ingawa ndimi niliyepigwa.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nampenda bintiye. Na mwenyewe tulishakubaliana, tena yeye ndiye aliyenambia, "Lete watu kabla sijachoka kukungoja." Lakini kwetu huendi kujiposea. Unatuma wakubwa, wewe unabaki nyumbani kusubiri. Nikamtuma ami yangu wa Msuka, mtu mfupi, mpole, hajapata kutazama mpira sembuse mtu akikabwa shingo. Akaenda na shangazi, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe.

Walirudi, ami anakuna kichwa. Nikauliza, "Wamekataa?"

"Hawajakataa," ami akasema. "Ila fundi ana sharti. Kasema, kijana wako anijibu uzito kwa uzito, kisha ndiyo tuzungumze."

"Uzito wa nini?"

"Sikuuliza. Ntu haulizi mahari kama anayenunua samaki. Lakini nimefikiri njia nzima. Binti anawekwa upande mmoja wa mizani, karafuu upande wa pili."

Shangazi akavua viatu, akashusha pumzi. "Na binti mwenyewe umbo analo, mashaallah."

Sisi tuna mikarafuu sita, na miwili kati yake ni ya kuegemea tu. Nikapiga hesabu kichwani, ikakataa. Nikaona labda nipate kwanza uzito kamili, ili wazee wajue pa kuanzia. Nikamwandikia binti wa watu ujumbe: "Samahani mpenzi, una kilo ngapi?"

Aliusoma. Niliona ameusoma. Hakujibu mpaka asubuhi, na alipojibu alituma sauti, ya upole, ile ya kutisha.

"Hebu nambie tena. Umeniuliza nini?"

Nikampigia, nikamweleza habari ya mizani. Halafu nikasikia kicheko ambacho hakikutaka kwisha, na nyuma yake sauti ya baba yake ikiuliza kuna nini.

"Khaa! Si uzito kwa uzito," akasema alipopata pumzi. "Ratili kwa ratili! Baba anataka useme nani bora. Weye na ami yako mtaniua." Kisha akashusha sauti. "Sema Jitu. Nakuomba. Mie sijali mnakabana nani na nani, mie nataka harusi."

Basi nilikaa na simu yangu, nikafungua picha ya Mdogo amenyanyua mikono, jicho moja limevimba. Nikamwomba radhi. Msicheke. Machozi yalinitoka kidogo. Miaka minne nimemtetea kwa watu ambao hata sura yake hawaijui, leo namuuza kwa siku moja.

Nikamwambia ami, "Rudi kwa fundi. Mwambie kijana anasema Jitu."

"Jitu ndiye nani?"

"We sema tu, ami."

"Siwezi kubeba maneno nisiyoyajua. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Mwanzo aligeuza uso. "Watu wazima, bukta tu, wamekumbatiana!" Kisha akavaa miwani. Kisha akaishika simu mwenyewe. Mdogo alipomkaba mtu aliyemzidi kimo, ami akasimama kitini. "Subhanallah! Kamshika wapi? Rudisha." Nilirudisha mara saba. Nilipomwonyesha Jitu alitazama nusu, akasema huyo anapumua sana.

Siku ya pili akaondoka kwenda Konde tangu saa nne asubuhi. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Binti akaniandikia, "Mbona huku ndani tunasikia makelele barazani?" Kibanda nilikifunga siku hiyo kwa haya, nikamngoja ami nyumbani. Nilikuwa nishauona mwisho wangu.

Ami aliingia karibu na magharibi, kofia upande, sauti imekauka.

"Ulimwambia Jitu?" nikamuuliza.

"Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini akaanza kumdharau yule kijana, eti atapotea kwenye mfuko wa koti! Ntu mfupi hana haki?" Akapiga goti lake. "Nikalala sakafuni pale dukani, nikamwonyesha kabari ilivyo. Nikamshika mguu. Mbishi yule! Kesho nakwenda tena."

"Ami! Na posa?"

Akanitazama kama niliyemkatiza mazungumzo.

"Posa? Aa, hiyo alikubali kabla ya chai. Hebu nionyeshe tena ile ya kukaba, maana kuna pahala pa mkono sikupapata vizuri."