Behewa la Kuba

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko nyingi nilizotembea, na nimetembea sana. Wewe na wenzako mnaniita Anko Mabegi, nami sikatai. Lakini nasikia umepata kazi ya kiangazi kule Alaska, kwenye treni za watalii, basi keti kidogo kabla hujafunga begi lako.

Nilipokuwa na umri wako nilihudumu kwenye treni hizo hizo. Meli kubwa za watalii zikitia nanga, abiria huteremka na kupanda mabehewa ya ghorofa: chini kuna meza za kulia, juu kuna viti chini ya paa la kioo lililopinda kama kuba, ili mtu aione milima bila kuinuka. Kila asubuhi tuliving'arisha vioo vile, nami niliamini hakuna kilicho bora zaidi duniani. Ujana nao!

Kiangazi kimoja shangazi yangu Mwanaisha, aliyenilea Tanga baada ya mama kufariki, alikuja kwa dada yangu Bladensburg, huku huku Marekani. Alikuwa na presha ya macho. Daktari alimwambia wazi kwamba nuru inakwisha na hairudi, naye akataka kutuona sisi wanawe kabla haijazimika. Nami nikawaza: kama macho yanaondoka, basi yaondoke yameona kitu. Nikampigia simu nikamwambia nitampandisha behewa la kuba, akaone mlima mrefu kuliko yote ya Marekani. Nikaomba ruhusa kazini, nikaja kumchukua.

Neno hilo la kuba ndilo lililoniponza. Kwetu Tanga kuba ni ya msikiti. Tulipofika kwenye ngazi za kupandia juu, shangazi akavua viatu, akavishika mkononi. Watalii wakasimama foleni nyuma yetu.

"Shangazi, vaa viatu. Huu si msikiti."

"Si umesema kuba?"

"Kuba ya kioo. Ya kutazamia milima."

"Haya, na hiyo milima kaiumba nani? Wewe?"

Akapanda peku, msala kwapani. Bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa nyuma yake akacheka, akavua na vyake.

Mimi sikutulia. Mara nishuke kumletea chai, mara nihamie kushoto, mara kulia, nachungulia huku na huku. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu, nami naomba radhi kana kwamba ni mimi niliyeufunika. "Subiri, shangazi, utatokea tu. Tazama kule! Aa, hapana, ni wingu."

Mwisho akanikamata mkono wa shati.

"Keti."

"Shangazi, mlima..."

"Huo mlima una miguu? Utakimbia? Keti, baba." Nikaketi. "Toka tumeondoka kwa dada yako unanionyesha vitu. Mara mto, mara daraja, mara sijui paa wa porini. Macho yangu hayafiki huko. Naona weupe tu, basi. Lakini wewe ukikaa hapa karibu, nakuona mpaka kovu lako la tetekuwanga. Hilo ndilo nililolifuata."

Wazee walishasema fimbo ya mbali haiui nyoka, na nadhani mlima wa mbali nao haumshibishi mtu. Nikamgeuzia uso. Akaukagua taratibu, kwa macho na kwa vidole, kama anayechagua kitambaa dukani.

"Umekonda," akasema. "Na hizi ndevu, nani kakushauri?"

Tulikuwa bado tunacheka pale behewa zima lilipopiga kelele. Mawingu yalikuwa yamefunguka. Nikataka kuinuka, lakini shati langu lilikuwa bado mkononi mwake.

"Umetoka?"

"Umetoka, shangazi."

"Ukoje?"

Nilikuwa nimeutangaza mlima ule kwa Kiingereza mara zisizo na idadi, na kamwe sikuwahi kumwambia mtu wangu yeyote ulivyo.

"Mkubwa," nikasema.

"Hata tembo mkubwa. Nakuuliza ukoje?"

Nikatazama, safari hii kwa makini. "Kama shuka jeupe lililoanikwa kambani, halafu upepo ukalijaza."

"Limepigwa pasi?"

"Halijapigwa. Lina mikunjo, na ndani ya mikunjo mna rangi ya bluu."

"Na juu kabisa?"

"Juu wamepiga pasi."

"Eee," akasema, akafumba macho. "Sasa nauona."

Nuru yake ilikwisha baadaye, kama daktari alivyosema. Lakini mpaka leo, huko Tanga, anawasimulia wanawake wenzake juu ya shuka la Alaska, na nasikia kila mwaka linazidi kurefuka. Nami nikimpigia simu nikiwa stesheni ya hapa Laurel nangoja treni ya kazini, haniulizi hali kwanza. Ananiuliza, "Uko wapi, baba? Kukoje?" Ananilazimisha kutazama.

Kwa hiyo nenda, mwanangu, sikuzuii. Tembea ujionee, wahenga wamesema, nami nakuongezea: ujionee kwa namna utakayoweza kumsimulia aliyebaki nyumbani, kwa lugha yake yeye. Mama yako akikuuliza umekula nini wewe humjibu kwa Kiingereza, naye hunyamaza. Mlima ule mwambie kwa Kiswahili, hata kama ni cha kuvunjika. Na siku atakapofunga safari kukufuata, usihangaike kumwonyesha nchi. Mkalie karibu akuone.

Mungu akupe njia ndefu na mawingu yenye kufunguka, na akubakizie daima mtu wa kukuuliza, "Kukoje huko?" Amina.