Shangazi Aenda Kulala Peke Yake

Shangazi yangu alifika umri wa kuitwa bibi bila kuwahi kulala peke yake hata usiku mmoja. Sisemi hivi kwa kumcheka. Alizaliwa katika nyumba ya wasichana wengi na vitanda vichache, akatoka humo moja kwa moja kwenda kwa mume, na mumewe alikuwa mtu asiyependa safari. Wote wawili walikuwa madobi, wana duka lao la chumba kimoja, nyumba yao iko nyuma ya duka. Wakifunga mlango wa mbele wamefika nyumbani.

Mume alipofariki, ndugu tukaingia kati. Familia yetu ikimwona mtu amekaa peke yake humuuliza nani kamuudhi, sembuse mjane. Tukapangiana zamu za kwenda kulala kwake. Dada zake wana siku zao, wakwe wana siku zao, mimi mpwa wake nikapewa Jumatatu. Mwaka mzima Shangazi hakukosa mtu wa kumkoromea pembeni.

Aliyepanga zamu ni mwanawe wa pekee, binamu yangu, ambaye tunamwita Meneja. Jina hilo alilipata zamani, akiwa mdogo, kwa kuwapanga watoto wenzake foleni kwenye bomba la maji wakati yeye mwenyewe hana ndoo. Ni mtu mwema, Meneja, lakini wema wake una kelele. Siku moja alikuja dukani, akamkuta mama yake ananyoosha kola, akatangaza kwamba amemwandalia chumba nyumbani kwake, amekipaka rangi na kitanda kimeshafika. Muuza simu wa jirani anataka kupanga fremu hiyo, chumba cha duka. Anahitaji funguo Jumanne, baada ya mapumziko marefu, maana Jumatatu hiyo ilikuwa sikukuu.

"Mama, hawa watu watachoka kuja kulala kwako," alisema mbele yetu ndugu wote tuliokuwepo. "Wakichoka, utafanyaje?"

Kilichoniudhi ni kwamba alisema kweli. Tayari wapo waliokuwa wakishikwa na mafua kila zamu yao inapokaribia.

Shangazi aliiweka pasi kwenye kibao chake. "Nitakujibu nikirudi."

"Ukirudi kutoka wapi?"

"Pwani. Natoka Jumamosi kwa treni."

Ilikuwa mara ya kwanza sisi kusikia habari hiyo, na mpaka leo nashuku hata yeye ilikuwa mara yake ya kwanza. Tukamuuliza kwa pamoja anakwenda na nani.

"Peke yangu. Nikiweza kulala huko, nitaweza na hapa, na duka halifungwi. Nikishindwa, wewe njoo na gari ubebe vyombo. Sitabisha."

Mambo mengine alinihadithia mwenyewe baadaye, kwa hiyo nayasema kama nilivyoyapata.

Ndani ya treni alikaa kwenye kiti cha watu wawili, na kwa safari nzima hakuna mtu aliyekuja kukaa naye. Hata hivyo alijibana dirishani, mkoba mapajani, akamwachia nafasi mtu ambaye hayupo. Mkaguzi wa tiketi alimuuliza kama kuna mwenzake amekwenda msalani. Shangazi akasema hapana, akasogea katikati kidogo, akaona aibu, akarudi dirishani. Mvua ilianza kabla hawajafika, na waliposhuka ilikuwa inamwagika hasa, ya kukulowesha hadi soksi.

Mji wenyewe, kwa maneno yake, ulikuwa umefungwa. Vibanda vya kando ya bahari vilikuwa vimeteremsha mabati, viti vya plastiki vimepandanishwa na kufungwa kamba, na barabara ya ufukweni haina mtu isipokuwa mbwa mmoja aliyekuwa na haraka zake. Watu wenye akili walikuwa wameangalia utabiri wa hali ya hewa. Shangazi aliuliza nyumba ya wageni, akaelekezwa kwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kiume, ambaye alichungulia nyuma ya bega lake mara mbili kuona nani anamfuata.

"Wengine wako nyuma?"

"Niko mwenyewe."

"Basi umepata raha," akasema mwenye nyumba, akampa ufunguo. Hakuuliza zaidi. Shangazi alisema neno hilo lilimshangaza kuliko mvua.

Usiku wa kwanza hakulala. Aliketi kitandani na nguo zake zote, viatu miguuni, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri majibu hospitalini. Alisikiliza mabati yakipigwa, akasikiliza bomba linalovuja, akajisikiliza mwenyewe akipumua, na hiyo ya mwisho ndiyo ilimtisha. Kulipokucha alikuwa ameshaamua kwamba Meneja ameshinda. Alifungasha. Akaenda kuulizia treni, akaambiwa siku hiyo haipo, ni Jumatatu tu. Nadhani kama ingekuwepo, hadithi hii ningeimalizia hapa, na muuza simu angekuwa anauza simu.

Aliporudi kutoka stesheni akamkuta mwenye nyumba barazani akipambana na mashuka. Yalikuwa yameanikwa chini ya paa tangu juzi na ndiyo kwanza yamekauka, na upepo ulikuwa umeanza kuyarushia maji upya. Shangazi hakungoja kuombwa. Aliweka mkoba chini, akachomoa vibanio, akashika pembe mbili za shuka la kwanza. Mwenye nyumba akashika mbili za upande wa pili.

Kukunja shuka kubwa ni kazi ya watu wawili, na kila wawili wana utaratibu wao. Mnalivuta lisilegee, mnalikunja kwa urefu, kisha mmoja anatembea kumfuata mwenzake ampe pembe zake. Huyo mwingine anasimama tu. Basi wakavuta, wakakunja, na Shangazi akasimama. Mwenye nyumba naye akasimama. Shuka limenyooka katikati yao, mvua inanyesha, kila mmoja anamtazama mwenzake.

"Mbona huji?" akauliza mwenye nyumba.

"Nije wapi? Si wewe ndiye unakuja?"

"Mimi huwa sitembei. Mimi huwa napokea."

"Na mimi huwa napokea," akasema Shangazi.

Walianza kucheka. Walicheka mpaka shuka likaanguka kwenye sakafu yenye maji, likarudi kwenye beseni la nguo chafu.

"Aliyekuwa anakuja kwangu amekufa," Shangazi akasema akiwa bado anacheka.

"Wangu mzima kabisa. Anamkunjia mashuka mwanamke mwingine, mtaa wa pili tu hapo."

Wakacheka tena, na katikati ya kicheko hicho Shangazi akaanza kulia. Alilia vibaya, kwa sauti, kamasi zinamtoka. Kwetu angekuwa ameshakumbatiwa na watu sita na kuambiwa anyamaze, ajikaze, amshukuru Mungu. Kwa mwaka mzima kila alipoanza kulia tulikuwa tukimnyamazisha, na tulijiona watu wema. Mwenye nyumba hakumgusa. Alimsogezea kiti, akaenda kupika chai jikoni na kumwacha alie mpaka mwisho. Shangazi aliniambia hakuwa anajua kwamba kulia kuna mwisho.

Chai ilipoletwa walirudi kwenye mashuka. La pili, Shangazi ndiye aliyetembea. Miguu ilimgomea kidogo, alisema, kama mtu anayevuka barabara asiyoijua. La tatu akatembea mwenye nyumba. Waliyamaliza yote hivyo, kwa kupokezana, wakiwasema wanaume, walio hai na waliokufa, bila upendeleo.

Ningependa kuwaambieni kwamba usiku wa pili alilala kama mtoto mchanga. Hakulala hivyo. Aliogopa tena, sana tu. Lakini safari hii alivua viatu, akajifunika, akauacha woga ukae naye humo chumbani. Karibu na alfajiri usingizi ukamchukua, na aliamshwa na mwenye nyumba akimgongea kwamba treni haisubiri mtu.

Jumatatu jioni mimi na Meneja tulikwenda kumpokea stesheni. Alishuka na mkoba wake, koti limekunjamana, macho mekundu. Meneja alimtazama mara moja akajua, au alidhani anajua.

"Hukulala, Mama."

"Sikulala vizuri."

"Basi twende nyumbani kwangu. Chakula kiko tayari. Vyombo nitavifuata kesho."

"Nipeleke kwangu," akasema Shangazi.

Tulipofika mlangoni nilishuka na mfuko wangu wa nguo za kulalia, maana ilikuwa Jumatatu, zamu yangu. Shangazi akanishika mkono. "Wewe mtoto, nenda ukalale kwako. Ahsante, mwanangu. Kila siku nitakukaribisha mchana."

Hapo Meneja akalipuka. "Ulikubali mwenyewe," alisema, "ulisema ukishindwa hutabisha, na umeshindwa, umesema mwenyewe hukulala."

"Nilisema nikishindwa. Kukosa usingizi si kushindwa. Niliogopa, na asubuhi nikaamka mzima. Mwambie muuza simu atafute fremu nyingine."

"Na ukiugua usiku? Ukianguka? Nani atajua?" Sauti ilianza kumkatika. "Mama, mimi sitapata usingizi nikijua uko humo peke yako. Tangu Baba afe sijalala. Nikiwapangia watu zamu ndipo napata usingizi kidogo."

Sikuwahi kumsikia Meneja akizungumza hivyo. Wala Shangazi hakuwahi, nadhani. Alimtazama mtoto wake, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, amesimama na funguo za gari mkononi. Nikajua sasa atakubali. Mama gani angekataa? Hata mimi ningekubali.

Alimkumbatia, akamshika kichwa kama wafanyavyo mama wote.

"Pole, baba yangu," akasema. "Pole sana. Sikujua. Sasa nenda nyumbani, ulale bila kumpangia mtu. Hutalala vizuri. Asubuhi njoo tunywe chai, uniambie ilikuwaje."

Kisha akaingia ndani, akafunga mlango.