Marahaba Iliyogoma Kufika

Leo nimemsalimia baba mkwe mpaka koo likakauka, na hakuitikia hata mara moja.

Tulikuwa porini, mbele ya Igalula, tunarina asali. Huko mtandao haushiki, kwa hiyo kila mtu alipewa simu ya upepo. Mzee alituelekeza vizuri: bonyeza kitufe, sema, achia, sikiliza.

Mimi nikapotea. Ile miti yote inafanana, jamani.

Nikabonyeza. "Shikamoo baba."

Kimya.

Sasa nitamwambiaje mkwe nimepotea kabla hajaitikia salamu? Nikasubiri kwa adabu, kidole kwenye kitufe.

"Shikamoo baba."

Kimya.

Nikajua amenikasirikia. Na sababu naijua, uji wa asubuhi uliungua.

Machozi yakanilengalenga, nikamwaga yote. Baba nisamehe, uji sikuunguza mimi, ni mwanao, nilimwachia akoroge akaenda kulala, mimi namfichia aibu tu.

Jasho likanitoka, kidole kikateleza.

"Marahaba! Marahaba mwanangu, nimeitikia mpaka nimechoka! Achia kitufe!"

Nikaisikia mara mbili. Moja kwenye simu, nyingine nyuma ya kichuguu. Mzee alikuwa ameshanifikia, ameshika mbavu, anacheka mpaka anakohoa.

Nikacheka na mimi, nimepona.

Kisha simu ikakoroma tena. Mume wangu, kutoka upande wa pili wa pori, kwa upole kabisa:

"Mke wangu, hizi simu tunasikia wote."

Tumeshafika Igalula. Niambieni, nyumbani leo naingiaje?