Mama Aliyepona Kitabuni

Wifi yangu ni mkunga, na kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona akikimbia. Zahanati ingeweza kushika moto, yeye angemaliza kwanza kukunja shuka. Ndiyo maana wajawazito walimbandika jina la Mama Taratibu, na mimi niliyeolewa na kaka yake nikawa na haki zote za kumtania. Akiniambia subira yavuta heri, namjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, naye anacheka mpaka miwani inamteremka puani.

Lakini ile taratibu yake haikuwa mzaha, ilikuwa imani. Aliamini kwamba mwili wa mama una akili yake, kwamba madaktari wana haraka ya kisu, na kwamba mwanamke akiachwa atulie, mtoto huja kwa wakati wake. Akitoka zamu aliloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto jikoni kwake, akaweka sinia mapajani na kuandika. Hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha, hata kaka yake.

Ikatoka riwaya. Ndani yake mkunga anasimama mlangoni kumzuia daktari kijana asimpeleke mama kupasuliwa. Mama anatulia chumbani kimya, siku inapita, na mwishowe mtoto analia. Watu waliipenda mno, mchapishaji akaichapa tena. Wasomaji wakakutana maktaba kuijadili, wifi akanivuta twende wote.

Mwalimu mmoja mstaafu akasimama. Kwa upole tu, akasema katika kitabu hicho kila anayesubiri anapona na kila mwenye haraka ni mjinga. Hadithi haiwi hivyo, alisema. Hii ni imani ya mwandishi iliyovalishwa sura za watu, na yeye anamwogopea msomaji atakayeifuata. Wakamzomea. Wakamwambia mwandishi ana haki ya kuamini anachotaka, na asiyependa aandike chake. Mimi nilipiga kelele kuliko wote, maana damu yangu haichelewi kuchemka, na wifi ni wangu. Yeye mwenyewe hakujitetea. Njia nzima ya kurudi alitazama chini, nikadhani amekasirika. Kumbe alikuwa anaogopa.

Zahanati wanawake walikuwa wameanza kufika wamechelewa, midomo imewakauka, na wakiulizwa walikuwa wapi muda wote huo wanajibu kwamba walikuwa wanatulia. Mmoja alikuja na kitabu ndani ya mkoba, akitaka kitiwe sahihi. Wifi akaanza kukosa usingizi. Simu ikilia anashtuka, na kalamu hakuishika tena. Nilimwambia anajitesa bure, mtu mzima anajua kutenganisha hadithi na maisha. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu, na binti yangu yuko nyumbani kwangu na mimba ya kwanza.

Binti yangu alimpenda shangazi yake kupita kiasi, na kitabu kile alikuwa amekisoma mpaka jalada likabanduka. Mchana mmoja niliingia chumbani kwake kuchukua nguo za kufua, nikamkuta amepiga magoti sakafuni, uso umezama kwenye godoro, ameuma mto. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake. Chupa ilikuwa imepasuka, akafua shuka mwenyewe na kuianika dirishani nisijue. Nilimuuliza kwa nini hakuniita. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi, akasema alikuwa anatulia. Nilitoka mbio kumwita jirani mwenye gari.

Jirani alitupeleka zahanati kwa gari lake. Wifi alimlaza, akampima, akaweka pembe ya kusikilizia mapigo juu ya tumbo na kuinamisha sikio. Akaihamisha. Akaihamisha tena. Nimemwona wifi yangu kwenye misiba mikubwa, lakini uso ule sikuwahi kuuona. Akasema jirani asiondoke, tunakwenda hospitali, mtoto amechoka na inabidi binti apasuliwe.

Binti yangu akang'ang'ania chuma cha kitanda. "Shangazi, mimi kisu sitaki. Mbona yule mama wa kitabuni alisubiri?"

"Yule nilimwandika mimi, mwanangu," wifi akasema. "Mtoto wake nilimpa kwa kalamu. Wewe siwezi kukupa. Inuka."

Kisha akatangulia kufungua mlango wa gari, anakimbia, kandambili moja imebaki nyuma sakafuni.

Pale nje ya chumba cha upasuaji niliogopa kama sijawahi kuogopa maishani. Kila mlango ulipofunguliwa niliinuka. Wifi alikaa kando yangu, hakunigusa wala sikumgusa, na sikuthubutu kumtazama kwa sababu nilijua nitamtukana. Daktari alipotoka alituambia wote wawili wako hai, ila mtoto alitoka hana nguvu na walihangaika naye mpaka akalia. Tungengoja mpaka jioni, alisema, angekuwa anatupa habari nyingine.

Kesho yake tulimkuta binti yangu kwenye wodi ya wazazi. Vitanda havitoshi hapo, kwa hiyo waliojifungua na wanaosubiri wanalala chumba kimoja. Mtoto alikuwa kifuani pake. Binti alikuwa anazungumza na mwenzake wa kitanda cha pili, msichana mwenye tumbo kubwa aliyelala ubavu, amegeukia ukuta. Tangu asubuhi alikuwa amemsimulia kitabu kizima. Asiwe na papara, alikuwa anamwambia, asiwakimbilie madaktari. Yeye alitulia kama shangazi yake alivyoandika, na sasa tazama, wamepona wote wawili.

Mtoto wangu ametoka mdomoni mwa kaburi, na bado anakisifu kilichompeleka huko. Nilifungua mdomo nimpe vidonge vyake, lakini wifi akanishika mkono. Akavuta kiti, akakaa katikati ya vitanda vile viwili.

"Yule mama wa kitabuni nilimjua," akasema. "Ilikuwa mwanzoni mwa kazi yangu. Nilimzuia daktari mlangoni, kweli kabisa. Nikamwambia mama atulie, naye akatulia. Akafa, na mtoto wake akafa. Sikutaka kuiacha imani yangu, kwa hiyo nikamwandika akapona."

Binti yangu alimbana mtoto kifuani. Mimi nilimchukia wifi yangu wakati ule, sitaficha, na nilimhurumia palepale.

Msichana wa kitanda cha pili akageuka polepole. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na shuka ameiminya mkononi mpaka imejikunja yote.

"Mama," akamwambia wifi, "mimi uchungu umenishika tangu alfajiri. Manesi nimewaambia bado. Naomba uniitie daktari."