Mwamshe Acheke

Kila asubuhi dada yangu huwachekesha watoto mlangoni. Usidhani ni mchezo, ni kazi. Mzazi akifika, dada humtekenya mtoto kwapani mpaka acheke kwelikweli, kisha humwekea sikio mgongoni. Kifua kikiwa kibaya, kicheko hakifiki mbali, kikohozi kinakidaka njiani. Anayekohoa anarudi nyumbani. Ndiyo kanuni ya chumba chetu cha kulelea watoto: chumba kimoja cha chini, magodoro ya sponji, madirisha mawili, na beseni la vikombe vya plastiki ninavyoosha mimi. Watoto wanamwita Shangazi, na wazazi nao wanamwita hivyo hivyo. Akigeuka tu wanamwita Askari.

"Waache wanune," huniambia. "Akiingia mmoja na mafua, wiki haiishi chumba kizima kinakoroma."

Halafu redio ikatangaza kirusi kipya. Eti wataalamu wamekigundua kwenye vifua vya watoto wadogo, na jina lake ni herufi na tarakimu tupu, hata mtangazaji alijikwaa kulisoma. Jamani! Kuanzia siku hiyo kila mtu akawa daktari. Huyu anataka tumwage dawa kali sakafuni, yule hataki mwanawe aguse mdoli wa mwenzake. Lakini kubaki nyumbani na mtoto anayekohoa? Thubutu! Bosi gani atamruhusu? Na hilo ndilo linalonichemsha damu, maana mabosi haohao wameweka ndoo za kunawia mikono milangoni wapate kupigwa picha, ila ukiwaambia mwanao anaumwa wanakuuliza hana bibi?

Mama Kifungo hukaa kwenye mashine ya malipo katika duka kubwa la kona. Mwanawe tulimpa jina la Kifungo kwa ajili ya pua yake ya duara, na alikuwa bado anatambaa. Asubuhi moja baada ya tangazo hilo alimleta amefunikwa gubigubi, amelala.

"Amekesha akicheza, Shangazi. Usimwamshe, tafadhali."

Dada alimwekea sikio mgongoni. Kifua hakikukoroma. Huruma ikamwingia, akampokea bila kumtekenya.

Mimi ndiye niliyemwona. Nilirudi kutoka kuanika nepi, nikamkuta palepale alipolazwa, matundu ya pua yamepanuka, ngozi ya katikati ya mbavu inaingia ndani kila akivuta pumzi. Nikamtikisa. Hakulia. Kifungo, ambaye ukimvua soksi tu anasikika mtaa wa pili! Midomo yake ilikuwa imepauka kama majivu. Nilipiga ukelele, dada akamnyakua akatoka mbio peku. Nikamwita jirani yetu mshonaji awaangalie wengine, nikamfuata roho mkononi.

Zahanati iko nyuma ya soko. Nilipofika, Kifungo alikuwa tayari kwenye oksijeni, na punde mama yake, aliyeitwa kwa simu, akaingia na sare yake ya dukani.

"Amepewa dawa gani?" daktari alimwuliza.

"Hajapewa kitu. Ni hicho kirusi kipya. Si wamekitangaza?"

"Kirusi tutakipima. Kipya au cha zamani, oksijeni ni hii hii. Lakini usingizi huu ni mzito mno, na pumzi zinazidi kupungua. Nikijua alichokunywa, nitajua cha kumfanyia."

"Nimesema hajapewa kitu."

Hapo nikalipuka. "Wee mwanamke! Mtoto anakuponyoka hivi hivi, na wewe unamsingizia kirusi?"

Dada alinibana mkono ninyamaze. Naye alikuwa na hasira, vidole vyake viliniachia alama. Lakini alimsogelea Mama Kifungo taratibu.

"Mwanangu, sikufukuzi. Nakuapia. Sema."

Mama Kifungo akaingiza mkono mfukoni, akatoa chupa. Dawa ya kikohozi ya watu wazima, ile inayolaza. "Ili asikohoe ukimtekenya," alisema. "Msimamizi kaniambia nikikosa tena kazini nisirudi." Kisha akaanza kulia. "Mbona wote tunawapa, Shangazi?"

Daktari aliisoma chupa, akamwita muuguzi kwa sauti, sisi tukatolewa nje. Tulikaa kwenye benchi. Jua lilikuwa linazama tulipomsikia Kifungo analia mle ndani, kilio cha hasira, cha kutaka kumpiga mtu. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Mpaka leo yuko wodini na mrija puani. Majibu ya hicho kirusi hayajatoka, na sijui kama kuna anayeyatafuta.

Kesho yake asubuhi mtaa mzima ulikuwa na habari moja tu: Kifungo kapatwa na kirusi kipya, masikini, hakuna wa kulaumiwa. Dada akasimama mlangoni kama kawaida. Wa kwanza alikuwa fundi bomba, binti yake kamlalia begani.

"Usimwamshe, Shangazi, jana..."

"Mwamshe acheke."

"Shangazi, kachoka mtoto."

"Nimesema mwamshe!"

Akamtikisa. Akamtikisa tena. Kichwa cha mtoto kikaangukia bega la pili, na fundi bomba akaanza kutokwa jasho. Nikachungulia foleni nyuma yake, watoto wamebebwa migongoni na mabegani. Hakukuwa na mtoto hata mmoja aliyekuwa macho.

Dada akaufunga mlango, yeye akabaki upande wa nje.

"Geukeni," alisema. "Wote, zahanati. Na kila mtu apite kwake achukue chupa yake."